Mwaka Waliposema Magawa Amerudi

Nyendo tulimzika Jumanne iliyopita, Ipagala, katika udongo mgumu ambao vijana walilazimika kuumwagia maji kabla sururu haijaingia. Tuliporudi tulikaa uani tukala ugali wa uwele na mlenda na nyama kidogo, na watu wakaanza kuongea kama wanavyoongea msibani wakishashiba, habari za kifo lakini kwa sauti ya kawaida. Mjukuu wangu Stela, anayesomea ualimu, akanigeukia mbele ya wote. "Bibi, naomba nikuulize. Wanafunzi wa Yesu walimwona mtu aliyezaliwa kipofu, wakauliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Sasa yeye angetenda dhambi wapi kabla ya kuzaliwa? Si ina maana walijua kwamba mtu huishi, akafa, akazaliwa tena?" Vijana wakacheka. Mmoja akasema, "Mwache bibi, amechoka." Nami nikamwambia Stela, "Kula, mwanangu, chakula kinapoa," nikanawa mikono nikaingia ndani. Walidhani ni uchovu. Sikuwa nimechoka. Swali lile nililisikia zamani, karibu kwa maneno hayo hayo, kutoka kinywani mwa mume wangu, na ninajua watu wangapi walizikwa kwa ajili yake. Walikuwa wanane, na yeye alikuwa mmojawapo.

Habari za kwetu na za ukoo sitazieleza. Inatosha mjue kwamba nilikuwa mke wa Chalula, mwaka wa pili wa ndoa, nikiwa na mimba ya kwanza, na kwamba tuliishi tembe moja na kaka yake mkubwa Magawa, na mke wa Magawa, ambaye ndiye huyo Nyendo, na mama yao. Palikuwa mwendo wa siku moja kutoka Dodoma, upande wa kwenda Mtera. Tembe lile ninaliona hata sasa nikifumba macho: vyumba virefu vyenye dari ya chini, paa la udongo ambalo sisi wanawake tulianika mtama juu yake, ndama wamefungwa ndani kwenye chumba cha mama mkwe, na harufu ya moshi, maziwa mgando na mkojo wa ndama vimechanganyika mpaka hujui kipi ni kipi. Kuta za ndani zilikuwa za fito na udongo, nyembamba, na wanaume walipoongea uani sisi tulisikia kila neno huku tukisaga. Nimejifunza mambo mengi ya maisha yangu kwenye jiwe la kusagia, kwa kusikiliza yasiyonihusu.

Reli ilikuwa inakuja kutoka pwani na Wadachi, yaani Wajerumani, walitaka watu wa kuvunja mawe. Magawa alikuwa amekwenda mara moja, akarudi na bega limevimba na mgongo una makovu ya kiboko. Wiki tatu baadaye akida akaja tena na askari watano na ombasha aliyewaongoza, asubuhi tukiwa tunakunywa uji. Akida alitaja majina, na jina la Magawa likiwamo. Magawa akasema, "Mimi nimetoka huko juzi tu. Angalia bega langu." Ombasha akamwamuru askari amfunge. Mama mkwe akamshika mwanawe mkono, akaning'inia kama mtoto, na ombasha akampiga mdomoni kwa kitako cha bunduki. Nililiona jino likidondoka kwenye kibuyu cha uji. Magawa alinyoosha mkono nyuma ya mlango, akatoa mkuki, akamchoma yule askari aliyeshika kamba, chini ya mbavu, na yule mtu akaanguka katikati ya ndama, akipiga miguu, na ndama wakamruka wakikimbilia nje. Alichukua muda kufa. Wakati huo wenzake walikuwa wameshamwangusha Magawa na walikuwa wanampiga kichwani kwa zamu.

Siku ya nne tuliitwa wote kwenye kambi ya reli, wanawake na watoto pia. Mimi na mimba yangu ya miezi sita niliwekwa mstari wa mbele pamoja na Nyendo na mama mkwe. Bwana shauri, Mdachi mkuu wa wilaya, alisoma karatasi na akida akatafsiri. Kwanza Magawa alilazwa juu ya pipa akapigwa viboko hamsa ishirini, kwa sababu, akida alisema, hata anayekwenda kufa lazima afundishwe adabu. Sisi tuliamriwa kutazama, na askari alipita nyuma yetu akiwainua videvu walioinamisha uso. Kisha wakampandisha kwenye sanduku chini ya boriti, wakalipiga teke sanduku, na kamba ikakatika. Magawa akaanguka chini kwa magoti. Akatutazama, damu inamtoka puani, akasema kwa Kigogo, kwa sauti kavu, "Bado nipo." Ombasha akaleta kamba nyingine. Ile haikukatika. Nyendo alikuwa amenishika kifundo cha mkono na kucha zake zilinitoboa ngozi, nami sikusikia maumivu mpaka tulipofika nyumbani.

Maneno hayo mawili ndiyo yaliyotuua baadaye. Watu waliyarudia kisimani na malishoni. Bado nipo. Magawa mwenyewe, nadhani, alikuwa anasema tu kile alichokihisi, kwamba alitegemea kufa na akajikuta bado anapumua. Lakini sisi tuliobaki tulihitaji awe amesema kitu kikubwa zaidi.

Mwanangu alizaliwa miezi mitatu baadaye, jua likiwa utosini, katika chumba cha ndama. Kitovu kilikuwa kimemzunguka shingoni. Mama mkwe aliyenizalisha alikitegua kwa vidole, mtoto akiwa wa bluu kabisa, akampulizia puani mpaka akalia. Kisha nikamsikia mama mkwe akivuta pumzi. Shingoni mwa mtoto palikuwa na mstari mwekundu, umezunguka kutoka sikio hadi sikio. "Nyendo!" akaita. "Nyendo, njoo umwone mumeo." Nyendo alikuja mbio kutoka kwenye kinu, pumba zimemjaa mikononi, akapiga magoti. Hakulia siku ya kunyongwa, wala siku ya kumzika Magawa, lakini siku hiyo alilia kwa sauti iliyofanya ng'ombe uani wainue vichwa. Alimchukua mtoto kabla mimi sijamshika, akamweka kwenye ziwa lake ambalo halijawahi kuwa na maziwa. Nililala pale kwenye ngozi, damu bado inanitoka, nikimtazama mwanamke mwingine akimwita mwanangu "mume wangu." Sikuwa na nguvu ya kuudhika, na baadaye nilipopata nguvu niliona aibu, kwa kuwa yeye alikuwa amepoteza kila kitu nami nilikuwa bado na mume.

Mimi na Chalula tulikuwa tumeanza kusoma kwa Mwalimu Yeremia, mtu mfupi mpole aliyefundisha kwenye banda la misheni, sisi tukikaa juu ya magogo. Padre Mzungu alikuwa amepelekwa pwani kwa homa, kwa hiyo darasa lilikuwa la Mwalimu peke yake. Alisoma Injili kwa Kiswahili, kidole kikifuata mstari, kisha akatufafanulia kwa Kigogo. Siku moja alisoma habari za yule kipofu. Chalula akasimama. Mume wangu hakuwa mtu wa kusimama mbele za watu.

"Mwalimu," akasema, "wanauliza kama yule mtu alitenda dhambi hata akazaliwa kipofu. Alitenda lini?"

Mwalimu akatazama kitabu. "Hilo ni swali la wanafunzi," akasema polepole.

"Ndiyo, lakini wanafunzi walikaa naye kila siku. Wangeuliza upuuzi? Tena juzi ulitusomea kwamba Yesu aliwaambia watu, Yohana ndiye yule Eliya waliyemngoja. Eliya aliishi zamani. Akarudi, akawa Yohana. Au nimesikia vibaya?"

"Hukusikia vibaya. Imeandikwa."

"Basi mtu hurudi."

Kulikuwa na watu kama thelathini mle bandani, wanaume wengi wakiwa na alama za kiboko mgongoni, na wote walimtazama Mwalimu Yeremia. Naye akanyamaza. Angeweza kusema kitu chochote. Alifungua kurasa, akazirudisha, jasho linamtoka, mwishowe akasema, "Niacheni nitafute. Jumapili nitawajibu." Alikuwa mwaminifu mno kusema asilolijua. Nimemfikiria sana kwa ajili ya kimya kile. Jumapili alikuja na majibu yake, na yalikuwa majibu mazuri: kwamba Yesu alikataa yote mawili, akasema si huyu aliyetenda dhambi wala wazazi wake, kwamba Yohana mwenyewe alipoulizwa kama yeye ndiye Eliya alisema siye, kwamba malaika alisema atakuja na roho na nguvu za Eliya, siyo kwamba atakuwa Eliya, kwamba imeandikwa mahali pengine mtu hufa mara moja tu, na baada ya hapo hukumu. Alitueleza yote hayo kwa utaratibu. Lakini waliokuja Jumapili tulikuwa wanawake na wazee wawili. Wanaume walikuwa wameshaondoka na lile swali, na kimya cha Mwalimu walikichukua kama jibu.

Nilisaga mtama kwa siku nyingi nikiwasikia ng'ambo ya ukuta. Chalula aliongea sana sasa, sauti yake imebadilika, imekuwa kama ya Magawa. "Hata kitabu chao wenyewe kinakiri," alisema. "Wanatunyonga, tunarudi. Huyo mtoto ndani ni nani? Kamba imemwacha na alama tu." Mmoja akauliza, "Na bunduki?" Chalula akajibu, "Yohana walimkata kichwa kabisa, na bado Herode akasema amerudi. Wewe unaogopa tundu la risasi?" Wakacheka, na ni kicheko hicho kilichonitisha. Wanaume wanaoogopa hukaa na kupanga. Hawa walicheka kama watu wanaokwenda kuvuna.

Nilimngoja alipoingia kula. Nilikuwa nimeazima Injili kwa Mwalimu, na kusoma kwangu kulikuwa kwa kujikwaa, silabi kwa silabi, lakini nilisoma. Nilimsomea mahali Yohana anakana. "Sikia mwenyewe," nikasema. "Wamemuuliza, wewe ni Eliya? Akasema hapana."

"Labda hakujikumbuka," Chalula akasema. "Mtoto wangu naye hajikumbuki."

"Basi sikia na hili. Bwana mwenyewe amesema yule kipofu hakutenda dhambi. Hakuwa na maisha mengine. Alizaliwa, basi."

"Unataka kaka yangu awe amekufa."

"Kaka yako amekufa, baba. Nilisimama pale nikamwona."

Akanipiga. Alikuwa hajawahi kunipiga, na alinipiga kwa ngumi, si kofi, na Injili ikaangukia kwenye bakuli la mlenda. Nyendo alikuwa kwenye kona amempakata mtoto. Hakuja kunisaidia. Alisema tu, akimtazama mtoto, "Matika, wewe unajua kusoma, lakini huyu mimi namjua kwa harufu." Nilifuta kurasa kwa kanga, na doa lile la mlenda limebaki kwenye kitabu kile kwa miaka yote niliyokuwa nacho.

Walikwenda kumi na mmoja kwenye kambi ya reli, asubuhi, wakati askari wanapopika uji na bunduki zimesimamishwa pamoja. Waliwachoma askari wawili kabla ya risasi ya kwanza. Yaliyofuata sikuyaona, nilisikia tu, nikiwa shambani, mlio wa kwanza, halafu mingi kwa pamoja kama mtu anavunja kuni. Watatu walirudi kwa miguu. Chalula walimbeba hadi kwenye ukingo wa shamba letu, wakamwacha pale kwa sababu walikuwa wanafukuzwa. Risasi ilikuwa imeingia kitovuni. Nilimkuta ameegemea kichuguu, amejishika tumbo kwa mikono miwili, na kati ya vidole niliona vitu ambavyo mtu hapaswi kuviona vya mtu anayempenda.

Alikaa hivyo tangu asubuhi mpaka jua lilipoanza kushuka. Nilimletea maji na akayatapika. Nilimfukuzia nzi kwa tawi. Alitukana, akamwita mama yake, akaniomba msamaha kwa ile ngumi, kisha akatukana tena. Mwishoni akatulia, akanishika mkono ule ule ambao Nyendo aliwahi kuutoboa kwa kucha.

"Matika. Niambie nitarudi."

Ningeweza kusema ndiyo. Hakuna mtu angesikia. Nimekaa miaka hamsini na jambo hilo na kuna siku najilaumu na kuna siku sijilaumu. Nilimwambia, "Utafufuka, Chalula. Siku ile, pamoja na wote."

Akanitazama, na nadhani alitaka kucheka. "Sikuuliza hilo," akasema. Hakusema lingine. Alikufa muda mfupi baadaye, na mkono wake ulibaki umekaza mpaka nikalazimika kufungua kidole kimoja kimoja.

Tangu hapo Maandiko nimeyasoma yote, mwanzo hadi mwisho, zaidi ya mara moja, nikitafuta kama nilimdhulumu. Sijaona mahali yanaposema kwamba mtu huzaliwa tena katika mwili mwingine. Nimeona watu wakiuliza, nimeona watu wakidhani. Hata Herode alidhani kwamba Yohana aliyemkata kichwa amemrudia. Mwuaji naye huwa na sababu zake za kuamini. Lakini ningekuwa na mstari mmoja tu unaosema vinginevyo, ningemnong'oneza pale kwenye kichuguu.

Askari walikuja siku ya tatu. Walianzia misheni. Akida alimsimamisha Mwalimu Yeremia mlangoni mwa banda lake. "Ni wewe uliyewaambia hawa washenzi kwamba wafu wanarudi?" Sote tulingoja akane, na kukana kungekuwa kweli tupu. Mwalimu akasema, "Niliwasomea yaliyoandikwa. Walipouliza maana yake, nilinyamaza. Kama mnanipiga kwa ajili ya kimya hicho, nipigeni." Wakampiga hamsa ishirini, na ombasha, ambaye mkuki ulikuwa umemchana shavu, akaongeza mengine aliyoyataka mwenyewe. Mwalimu alihesabu kwa sauti mpaka kumi na nne. Baadaye hakuhesabu.

Kisha wakaja kwetu. Walibomoa paa kwa sururu, udongo ukamwagika juu ya vyungu na mitungi, wakachoma nguzo na vihenge. Mama mkwe walimtoa nje kwa kumburuta. Halafu ombasha akasimama uani, kitambaa chenye damu kimemfunga uso, akauliza, "Yuko wapi huyo aliyerudi?"

Mtoto alikuwa mgongoni mwa Nyendo. Mimi nilikuwa nimebanwa ukutani na bunduki ya askari kifuani, siwezi kusogea hata hatua moja. Ombasha akamwendea Nyendo, akamvuta mtoto kutoka kwenye mbeleko kwa mguu mmoja, akamning'iniza kichwa chini, na mtoto akalia, na alipolia ule mstari wa shingoni ukajitokeza, haujafutika sawasawa. Ombasha akauona. Akatoa kisu.

"Huyo si mtu," Nyendo akasema.

Ombasha akageuka. "Nini?"

"Nasema si mtu wa zamani. Ni mtoto wa huyu hapa ukutani. Amezaliwa juzi. Hiyo shingoni ni alama ya uzi wa shanga, mimi ndiye niliyeukaza, mjinga mimi." Sauti yake haikutetemeka. "Mume wangu nilimwona akifa. Mlimnyonga ninyi, nami nilikuwa mstari wa mbele. Mtu akifa amekufa. Nimelala peke yangu tangu siku ile, nani angejua kuliko mimi?"

Akida alitafsiri, kwa sababu Kigogo cha ombasha kilikuwa kidogo. Ombasha alimtazama Nyendo kwa muda, akimtafuta uongo usoni. Kisha akasema, "Sema jina la mumeo, useme amekufa."

Na Nyendo akasema. "Magawa amekufa." Ombasha akamfanya arudie mara tatu, na kila mara alilisema wazi, mbele ya mama mkwe, mbele ya majirani wote waliokuwa wamekusanywa uani. Mara ya tatu ombasha akamtupa mtoto kwenye majivu, akarudisha kisu, wakaondoka na ng'ombe wetu wote.

Nyendo ndiye aliyemwokota. Alimpangusa majivu machoni kwa ulimi wake, akamkagua mkono na mguu, kisha akatembea hadi pale ukutani nilipokuwa nimeanguka, akaniwekea mapajani. "Mchukue mwanao," akasema. Hakumwita tena "mume wangu," wala siku ile wala hadi wiki iliyopita alipofumba macho akiwa nyumbani kwangu. Kama moyoni aliendelea kuamini, sijui. Tumelima pamoja, tumekoka moto mmoja, tumelea mtoto mmoja, na kuna mlango huo mmoja ambao hakuwahi kunifungulia, nami sikuugonga.

Mwalimu Yeremia alimbatiza mtoto baada ya mwezi, akiwa bado hawezi kuvaa shati, mgongo wake umepakwa mafuta ya mnyonyo na kufunikwa majani. Alikuwa amekaa ukingoni kabisa mwa gogo kwa maumivu, daftari la misheni juu ya goti. Akaniuliza jina. Sikuwa nalo. Wa ukoo wangenitajia Magawa au Chalula, na yote mawili sikuyataka. Mwalimu akaanza kunitajia ya kwenye kitabu, Petro, Yakobo, Samweli.

"Hao wote si walikufa?" Nyendo akauliza. Alikuwa amesimama mlangoni, maana yeye hakuwa mtu wa kanisa wakati ule.

"Walikufa, mama," Mwalimu akasema.

"Basi mwandike Mgeni."

Mwalimu akanitazama mimi, kwa kuwa mimi ndiye mzazi. Nikamwambia aandike.